Nilivyompelekea Perpetua Unga Chilangala

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula ming'oko, ile mizizi ya porini, asubuhi, ming'oko mchana, na jioni tukapiga soga juu ya ugali. Padri alipotangaza Kwaresima benchi letu zima liliguna, maana sisi tulikuwa tumeanza kufunga tangu mihogo ilipokwisha. Yeye ndiye aliyechelewa. Mama Stefano, wewe huwezi kuusahau mwaka huo. Ndiwe uliyekwenda porini ukachimba mizizi usiyoijua, ukatukaribisha, tukatapika wote mpaka mzee wa kanisa akadhani tumekunywa.

Naandika haya nikiwa nimerudi, miguu imevimba kama mihogo ya zamani. Naandika kwa sababu kila nikienda kisimani naikuta safari yangu imefika kabla yangu, tena imetiwa chumvi. Mmoja anasema nililoga kijiji. Mwingine anasema niliolewa na Mngoni. Mama Hilda ameapa kwamba nilikula chakula cha mizimu. Basi hii hapa, kwa mkono wangu. Madarasa niliyosoma misheni ni mawili tu, lakini mdomo wangu mnaujua, na mkono umejifunza kwake. Mwenye macho asome, na asiyejua kusoma asomewe, ila msomaji asiongeze.

Lisekese: mbegu inaingia kinuni

Ilianza Jumapili, nje ya kanisa. Mtu mmoja wa Chilangala aliyeshuka kwa ajili ya msiba alinivuta pembeni.

"Mama Perpetua, nina ujumbe wa mwanao."

"Useme kabla hujanisalimu."

"Hali chakula. Mimba imemkaba koo. Ming'oko anatapika, muhogo anatapika. Anasema labda uji wa mtama wa kwenu. Na mkunga anasema mwezi huu hauishi kabla hajazaa."

Mnajua jambo hili lilivyo kwangu. Perpetua ndiye binti yangu pekee. Ameolewa na Mwalimu Yohana, anayefundisha shule ya misheni kule juu, na huko amezika watoto wawili, wote wachanga. Wanangu wa kiume wana watoto wengi kama vifaranga, nawapenda na nawachapa, lakini hao ni wa ukoo wa mama zao. Kwetu ukoo hupita kwa binti. Perpetua asipoacha mtoto, nyumba ya mama yangu imefungwa mlango, na mimi ndiye wa mwisho niliyebaki ndani nikichungulia dirishani.

Unga sikuwa nao. Nani alikuwa nao mwaka ule? Nilikuwa na kibuyu cha mtama wa mbegu, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko. Nikakishusha. Kaka yangu Barnaba akasikia mchi, akaja mbio.

"Dada! Unatwanga mbegu? Mvua ikija tutapanda nini?"

"Tutaupanda mdomo wako. Naona unaota hata kiangazi."

Akakaa chini, akanuna. Lakini nilipochoka kutwanga alinipokea mchi, kwa hiyo sitamsema zaidi. Unga ulipokuwa laini niliutia katika mfuko nilioushona kwa kanga kuukuu, nikapita kanisani. Mnajua ninavyosali: midomo inacheza, sauti hakuna. Mama Hilda husema nafanana na sungura anayetafuna majani. Sawa. Sungura naye hushiba.

Mkomaindo: lori la Mngoni

Nilifika Mkomaindo kwa miguu, jua likiwa bado halijauma. Karibu na hospitali palikuwa na lori la mfanyabiashara mmoja, limepakia magunia ya chumvi ya kwenda Newala. Lori lenyewe lilikuwa limezeeka kuliko mimi, na lilikohoa kuliko mimi. Dereva alikuwa kijana mrefu, kofia imeinama sikioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi, mbona macho yako yanahesabu kuku wa watu?"

"Mngoni, bibi. Komba, kutoka Songea."

"Nilijua! Babu zenu walikuja hapa Masasi wakachukua mbuzi wetu na shangazi zetu. Umekuja kurudisha?"

"Nimekuja kuchukua waliobaki. Panda, mtumwa wangu, usinichelewesheee!"

Watu wa pwani waliokuwapo wakashtuka, wakadhani tunataka kupigana. Sisi tukacheka. Babu zetu walipigana kweli, na vita ilipokwisha ukabaki utani, nao Wangoni wana utani na sisi Wamakua na vilevile na Wamakonde. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kitu mkononi, hucheka msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Komba alisema tunaondoka sasa hivi. Baadaye nikagundua kwamba "sasa hivi" ya dereva ni mtoto wa "kesho". Mwenye lori alikuwa hajala. Alipokwisha kula, alikuwa hajalala. Tuliondoka jua likiwa utosini, mimi juu ya magunia na mfuko wangu mapajani.

"Umepakata nini hicho, bibi, kama mtoto mchanga?"

"Unga wa mtama."

"Unga? Mwaka huu? Bibi, nioe!"

Hapo ndipo ilipozaliwa ile habari ya ndoa. Mnaona ilivyo nyembamba? Nyie mmeinenepesha.

Chini ya mlima: kivuli chenye wenyewe

Tulipofika pale ardhi inapoanza kusimama kuelekea uwanda wa Makonde, lori lilitoa moshi mweupe, likapiga yowe, likazima. Palikuwa na kijiji. Jina lake silitaji, maana nina shemeji huko.

Komba aliomba maji ya kulinywesha lori. Watu wakamtazama kama ameomba damu. Wanawake wa kijiji walikuwa wameteremka bondeni na mitungi tangu asubuhi. Hata wazee walikuwa wanawasubiri kwa midomo mikavu. Wazungu wanachimba mabomba, walisema, lakini mabomba hayo bado yako mdomoni mwa Bwana Shauri wa wilaya. Basi tukakaa.

Nikatafuta kivuli. Pembeni palikuwa na mti mmoja mzuri, umetandaa vizuri, na chini yake pamefagiliwa mpaka pakang'aa. Hapo ndipo ningeshtuka. Nani hufagia chini ya mti wa bure? Lakini nilikuwa nimechoka, na matako yangu yalikuwa yamejaa chumvi. Nikautundika mfuko kwenye kisiki cha tawi ili mchwa wasiufikie, nikakaa, nikafumba macho nikamwambia Mungu habari za Perpetua. Nilimwambia yote. Nilipokwisha, usingizi ukanichukua.

Sasa, mle ndani ya lori mlikuwa na panya. Sisi tumewala panya tangu ujana wetu, wa kuchoma, wa kukausha, na siku ile walinilipa. Mmoja alikuwa ameutoboa mfuko wangu kwenye pembe, tundu dogo tu. Nilipokuwa nimelala unga ulishuka taratibu, chembe kwa chembe, ukajenga kilima kidogo cheupe chenye ncha, mfano wa kofia ya mtoto. Kilikuwa kimekaa vizuri hata mimi mwenyewe nilipokiona nilikisifu kwanza, ndipo nikapiga kelele.

Mama Stefano, wewe umeshashika kichwa. Kwa vijana watakaosomewa haya, nieleze. Mti ule ulikuwa msolo, mti wa kutambikia. Mzee wa ukoo huenda hapo kabla hajala kitu, humwaga unga kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka usimame hivyo hivyo, huku akisema na mizimu ya kwao. Si mtu yeyote. Ni mzee wa ukoo, tena wa ukoo wenye mti.

Nilipoinua macho nilikuta kijiji kizima kimenizunguka. Mbele alisimama jumbe, mwembamba, amevaa koti la serikali lisilo na kifungo hata kimoja, na pembeni yake dada yake, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja vyungu.

"Mama, hujambo," alisema jumbe.

"Sijambo."

"Umetoka wapi?"

"Lisekese."

"Lisekese hakuna miti?"

"Ipo."

"Sasa imekuwaje uje kusema na babu zangu?"

"Sijasema na babu zako. Mfuko umetoboka."

"Mfuko umetoboka, ukamwaga unga mahali pale pale panapomwagwa, kwa umbo lile lile. Mama, mimi ni jumbe, si mtoto wa kudanganywa kwa embe bichi."

Dada yake akarukia. "Nilimwona mimi! Kwa macho haya! Midomo ilikuwa inacheza! Alikuwa anasema!"

Jumbe akanigeukia. "Ulikuwa unasema?"

Ningesema nini? Uongo sijauzoea. "Nilikuwa nasema."

"Eheee!" kijiji kikaitikia, kama kwenye litania.

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Chini ya mti wa babu zangu?"

"Kivuli kilikuwa hapa."

Jumbe akavuta koti lake likutane kifuani, halikukutana. "Sikiliza, mama. Unga bila maneno ni chakula cha kuku. Unga wenye maneno ni bunduki. Wewe umeipiga mtini kwangu, nami sijui umeilenga wapi. Labda umetuombea njaa. Labda umeomba mvua yetu ishuke kwenu Masasi. Yaseme maneno uliyoyasema, tuyapime. Ukishasema, nenda zako."

Nikasimama. Nikakung'uta kanga. Nikamwambia:

"Maneno yale nilimwambia Mungu. Ukiyataka, kamwulize mwenyewe."

Watu wakashika vinywa. Komba akanisogelea, akaninong'oneza mpaka mate yakaniingia sikioni. "Bibi! Mwambie chochote! Sema uliomba mvua, wafurahi, tuondoke!"

"Sikuomba mvua."

"Yeye atajuaje?"

"Yeye hatajua. Mwenyewe niliyemwomba atajua."

Mnaweza kusema ni kiburi. Kiburi ninacho, sijakikana, nilizaliwa nacho na nitazikwa nacho. Lakini kuna maneno ambayo ni kama nguo za ndani, hata yakiwa safi hayaanikwi barazani. Nilikuwa nimewataja wale wawili tuliowazika. Niwatangaze mbele ya mwanamke mwenye sauti ile?

Wanawake wakarudi kutoka bondeni, mitungi kichwani, shingo zimesimama. Komba akakimbilia maji. Jumbe akanyoosha mkono. "Lori halitakunywa mpaka huyu mama aseme." Nikainama nizoe angalau unga wangu, kijiji kikapiga ukelele mmoja: uliokwisha kumwagwa msoloni haurudishwi, ni wa wenyewe. Nikauinua mfuko. Ulikuwa umebaki mwepesi kama soksi.

Utani wote ulinitoka. Nilimwona Perpetua akiwa mkavu juu ya kitanda cha kamba, na mimi niko chini ya mlima nabishana na koti. Nikafumba macho palepale nilipo.

"Anaanza tena!" dada wa jumbe akapiga yowe. "Mzuieni midomo!"

Kijiji kikarudi nyuma hatua nzima. Nilipofumbua macho, aliyekuwa amesogea mbele alikuwa Komba. Alikuwa amevua kofia.

"Jumbe," alisema, "ninyi hapa Wamakonde?"

"Ndiyo."

"Mimi Mngoni."

Uso wa jumbe ulibadilika kama wa mtu aliyemwona mbuzi katikati ya shamba lake la kunde.

"Babu zangu," Komba akaendelea kwa sauti ya kutangaza mnada, "waliwakimbiza babu zako mpaka wakaparamia mlima kukaa na kiu. Wakasahau kuwanyang'anya chakula. Nimekuja kumaliza kazi." Akapiga magoti chini ya msolo, akazoa kilima chote, unga na mchanga na sisimizi waliokuwa wameshakaribishwa, akatia ndani ya kofia. Kisha akalamba vidole, akautazama mti. "Enyi mizimu, mtani wenu nimepita. Mnapika vibaya!"

Nilimwona jumbe amefungua mdomo akasirike. Mdomo ukabaki wazi, hasira haikutoka, mila imeishika mkia. Mtani akichukua, hata juu ya kaburi, amechukua. Na akikichukua kitu, uzito wake wote huondoka nacho. Jumbe alitazama huku, akatazama kule, mabega yakaanza kutikisika.

"Mbwa wewe!" alisema, na machozi ya kicheko yakamtoka. "Mbwa wa Songea! Mpeni maji, aondoke kabla hajala na mti wenyewe!"

Hawakutuacha tuondoke hivi hivi. Walituletea ming'oko na panya wa kuchoma kwenye vijiti. Mimi nilikula wawili, kwa kisasi. Komba alikataa.

"Nimekula na mizimu yenu, sasa mnataka nile na mifugo yenu?"

Nilimshukuru Mungu, nilimshukuru kweli. Ila nilimwuliza vilevile, kwa heshima, kama siku ile hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma isipokuwa Mngoni.

Kupanda

Kwenye kona za mlima lori lilishindwa kutubeba, ikabidi sisi tulibebe. Abiria wote chini. Wanaume wanasukuma, wanawake tunaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nilipanda kwa miguu, nimeshika kofia ya Mngoni mbele yangu kama sahani ya sadaka. Komba alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Bibi! Sasa tuko wawili tu. Uliomba nini pale?"

Nikampa jibu lile alilopewa jumbe, silabi kwa silabi. Alicheka mpaka akaikosa gia, lori likarudi nyuma, na mwenye jiwe alikuwa mimi. Nilimtukana kwa Kimakua, ambacho hakijui, na akaitikia "Amina".

Newala: maji ya Mama Sesilia

Newala kuna upepo unaoingia kwenye mifupa bila hodi. Komba alinishusha kwa mwanamke mmoja wa kanisa, Mama Sesilia, akachukua kofia yake baada ya mimi kuukung'utia unga ndani ya mfuko, tundu nimelifunga fundo. Aliniambia, "Kwaheri, mke wangu." Mama Sesilia alisikia. Sitaki kusema zaidi.

Alinikaribisha vizuri mno, akaniletea bakuli la maji ninawe mikono. Mimi mtu wa bondeni nikafanya kama tunavyofanya: nikanawa, nikasukutua, nikayamwaga mlangoni, pwaa! Mama Sesilia alikitazama kile kidimbwi kinavyozama mchangani kama mtu anayetazama jeneza likishushwa.

"Mama Perpetua," alisema polepole, "maji hayo yalikuwa bado yana kazi mbili."

Kumbe kule juu maji hayafi siku moja. Yakishaosha mikono huosha chungu, yakishaosha chungu hunywewa na mbuzi. Nilikuwa nimemnyima mbuzi chakula chake cha jioni. Nikaomba radhi kwa Mama Sesilia, nikamwomba na mbuzi. Mbuzi hakunisamehe; mpaka naondoka asubuhi alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

Njia ya Chilangala: mkorosho mkalimani

Nilitembea kati ya mikorosho, njia ya mchanga mwekundu, mfuko kichwani. Mbele kidogo nikamwona mwanamume anakuja mbio, shati nje ya suruali. Mkwe wangu! Mwalimu Yohana!

Mnajua mila ya ukwe. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemezani uso kwa uso, mpaka watoto wawapatanishe, na sisi watoto hatukuwa tumejaliwa. Yeye ni mwalimu, anajua kitabu na ramani ya dunia, lakini aliponiona aliruka pembeni kama aliyekanyaga siafu, akanipa mgongo, akaukumbatia mkorosho. Mimi nikajifunika kanga, nikageukia upande wa pili. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, mkorosho katikati.

"Ewe mkorosho," mwalimu akasema, akihema, "mwambie mama shikamoo."

"Mkorosho, mwambie marahaba, na mwambie asipoteze muda."

"Mkorosho, mwambie mama uchungu umeanza tangu alfajiri. Chupa imepasuka. Lakini mtoto hashuki, na Perpetua hana nguvu. Mkunga anasema... mkunga anasema..." Sauti ikamkatika. Nilisikia kwa mgongo kwamba mwanamume yule analia, paji la uso limeegemea gome.

Nilitaka kugeuka nimshike bega. Mila ilinishika kanga. Nikasema, "Mkorosho, mwambie mwanangu afute machozi, aende mbele anionyeshe njia, na akimbie. Mimi sitamtazama, nitatazama visigino vyake."

Tukakimbia. Watu waliotuona walidhani nimemkamata mwizi.

Chilangala

Mkunga alikuwa bibi wa Kimakonde mwenye ndonya, kile kigingi cha mti, katika mdomo wa juu, mikono yake mikubwa kama ya mfinyanzi. Alinipisha mlangoni. Perpetua alikuwa amelala ubavu, mashavu yameingia ndani, midomo imepasuka.

"Mama. Umekuja."

"Nimekuja na unga."

Akanishika mkono, akaushika kwa kucha. "Mama, nakuomba jambo moja. Usiniombee. Mara ya kwanza uliomba, tukazika. Mara ya pili uliomba, tukazika. Safari hii mwache Mungu ashughulike na wengine."

Niliuliza jiko liko wapi.

Nilichekecha ule unga kwa kanga mara nyingi, lakini mchanga wa msolo haukubali kuachana na mtama. Nikakoroga uji mwepesi, nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Akameza. Haukurudi. Akameza tena. Kisha akatafuna.

"Mama, uji una mchanga."

"Mchanga wa mizimu ya Wamakonde. Na sisimizi wawili watatu. Tafuna."

Akafumbua macho. "Mizimu ya nani?"

Basi nikaanza kumhadithia, kati ya uchungu mmoja na mwingine, huku kijiko kinakwenda. Nilipofika kwenye koti la jumbe lisilokutana kifuani, kona ya mdomo wake ilisogea. Nilipofika kwa dada wa jumbe, "Mzuieni midomo!", alipumua puani. Na nilipomwigiza Mngoni amepiga magoti, analamba vidole, anauambia mti, "Mnapika vibaya!", Perpetua alicheka. Alicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tuzike wa kwanza, kicheko cha tumboni, mpaka kitanda kikalia.

"Mchekeshe tena!" mkunga akapaza sauti. "Mchekeshe! Mtoto anashuka!"

Nikapiga magoti sakafuni, nikalamba vidole. Nikaliigiza lori. Nikamwigiza mbuzi wa Mama Sesilia na jicho lake moja. Perpetua analia, anacheka, ananitukana mimi mama yake mzazi. Nje nilimsikia mwalimu, amechanganyikiwa kabisa: "Ewe ukuta! Waulize huko ndani kuna nini?" Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuujibu ukuta.

Mtoto akatoka. Msichana.

Na akanyamaza.

Mkunga akamgeuza, akampiga mgongoni. Kimya. Akamsafisha kinywa kwa kidole, akampiga tena. Kimya kile nilikuwa nakifahamu. Nilikwisha kukisikia mara mbili ndani ya nyumba ile ile. Perpetua hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, alitazama mdomo wangu. Alikuwa amenikataza.

Midomo yangu ikacheza.

Sijui ilikuwa muda gani. Mtoto akapiga chafya, kama mtu mzima aliyenusa ugoro, kisha akaachia kilio kilichomfanya mwalimu huko nje aanguke kwenye kinu. Mkunga akakaa chini akajipepea. Mimi nilitoka, nikasimama nyuma ya nyumba peke yangu, na niliyofanya huko siwaandikii.

Nilikaa nao mpaka kitovu kikakauka, mpaka mtoto akaanza kufanya mikunjo mapajani, mpaka mwalimu akaweza kuniambia shikamoo bila mkorosho, ingawa bado alikuwa anatazama paa. Siku ya kuondoka Perpetua alinisindikiza hadi mwisho wa shamba, mtoto mgongoni. Nilipotaka kujitwisha mzigo akanishika mkono.

"Mama. Siku ile nilikukataza kuomba."

"Ulinikataza."

"Na uliomba. Nilikuona."

"Uliniona."

"Ulisema nini?" Alimvuta mtoto kifuani, akamkinga uso na upepo. "Niambie, mama. Usinifiche. Wewe unarudi Lisekese. Huyu akishikwa na homa, nitafanya nini? Tangu tuzike wa pili mimi na Mungu hatusemi. Sijui hata pa kuanzia. Niachie maneno yale niyashike kichwani, maneno yale yale, nisikosee."

Ni binti yangu pekee. Angeniomba jicho, ningeuliza la kulia au la kushoto. Nilimpangusa machozi kwa ncha ya kanga, nikajitwisha mzigo wangu, nikausawazisha, nikamwambia:

"Maneno yale nilimwambia Mungu. Ukiyataka, kamwulize mwenyewe."